Kujibu Maswali ya Marudio kwa Fomu ya Mtandaoni

Maswali ya marudio yaliyo mwishoni mwa kila sura ya mwongozo huu yatakufaa iwapo utayajibu, mwalimu ayasome majibu yako, na maoni yake yakufikie ungali na muda wa kujirekebisha. Shuleni, kazi hiyo hufanywa kwa daftari. Wakati wa likizo daftari lako haliwezi kumfikia mwalimu, na ndiyo maana walimu wengi siku hizi huwatumia wanafunzi kiungo cha fomu ya kujaza mtandaoni. Walimu wengi waliigeukia njia hii shule zilipofungwa Machi 2020 kutokana na UVIKO-19. Watahiniwa wa kidato cha nne walirejea darasani Oktoba 12, 2020, lakini fomu hazikuachwa. Zimebaki kuwa njia rahisi ya kukusanya kazi ya darasa zima.

Sura hii inaeleza jinsi fomu hiyo inavyofanya kazi, jinsi ya kuijaza bila kupoteza jibu lako, na jinsi ya kuitumia ili ikuongezee alama katika Karatasi ya Tatu. Jambo moja ulikumbuke tangu mwanzo: fomu ipo ili mwalimu aone usichokijua kabla mtahini hajakiona.

1. Fomu ya mtandaoni ni nini?

Ni ukurasa wenye maswali na nafasi za kujazia majibu, unaofunguka kwenye simu, kishikwambi au kompyuta. Mwalimu huuandaa kwa programu kama vile Google Forms au Microsoft Forms, kisha huwatumia wanafunzi kiungo kwa WhatsApp, barua pepe au ujumbe mfupi. Ukibonyeza kiungo hicho, fomu inafunguka. Ukishajibu na kubonyeza kitufe cha kuwasilisha, majibu yako yanamfikia mwalimu papo hapo.

Ni vyema ujue mwalimu anakiona nini upande wake. Majibu ya wanafunzi wote yanaweza kupangwa katika jedwali moja. Kila mwanafunzi ana mstari wake, na kila swali lina safu yake. Saa na tarehe uliyowasilisha huandikwa pia. Hivyo basi mwalimu anaweza kusoma majibu ya swali la tatu ya wanafunzi 45 mfululizo, kutoka juu hadi chini, kabla ya kuligusa swali la nne. Akiona wanafunzi 30 wamechanganya maudhui na dhamira, anajua somo la kwanza baada ya likizo litahusu nini. Kwa daftari angegundua hivyo polepole sana, kwani angelazimika kufungua madaftari 45, moja baada ya jingine.

2. Kuzisoma alama za fomu

Mtahiniwa hodari husoma maagizo ya karatasi kabla ya kuandika neno. Fanya vivyo hivyo kwa fomu. Pitia fomu yote kuanzia juu hadi chini kabla ya kujibu swali lolote, ukizingatia mambo haya:

(a) Viduara. Swali lenye viduara mbele ya majibu linakubali jibu moja tu. Ukichagua la pili, la kwanza linafutika.

(b) Visanduku vya mraba. Hapa unaweza kuchagua zaidi ya jibu moja. Wanafunzi wengi huchagua moja na kuendelea, ilhali swali lilisema, "Chagua zote zinazofaa." Hizo ni alama za bure zilizoachwa mezani.

(c) Nafasi ya jibu fupi. Inafaa kwa jina la mhusika, mbinu ya lugha au neno moja. Ikiwa mwalimu ameiagiza programu isahihishe yenyewe, jibu lako hulinganishwa na lile aliloliweka. Mashine haijui kwamba uliyeandika "tashihisi" kwa kukosea herufi moja ulikuwa umeelewa. Tahajia yako iwe sahihi.

(d) Nafasi ya aya. Hapa ndipo maswali ya insha hujibiwa. Kisanduku huonekana kidogo, kama cha mstari mmoja, lakini hupanuka kadiri unavyoandika. Usidanganywe na udogo wake. Urefu wa jibu hutegemea alama zilizotajwa katika swali.

(e) Nyota nyekundu. Ina maana kwamba swali ni la lazima. Fomu haitakubali kuwasilishwa ukiliacha wazi. Hapa fomu na mtihani hutofautiana. Katika Karatasi ya Tatu, swali la kwanza ni la lazima, lakini hakuna nyota nyekundu itakayokuzuia kuondoka ukiwa umelisahau. Nyota hiyo uibebe akilini mwako.

(f) Nafasi ya kuambatisha faili. Hii hukuwezesha kutuma picha ya ukurasa wa daftari. Katika Google Forms, swali la aina hii hukulazimu kuingia kwanza kwenye akaunti ya Google. Ikiwa simu unayoitumia ni ya mzazi au mlezi, mwombe ruhusa mapema kwani akaunti itakayoonekana ni yake. Kwa sababu hiyo, andika jina lako kamili, darasa na nambari yako ya usajili mahali panapohitajika. Mwalimu akipokea kazi tatu kutoka kwa "Mama Njeri" au "Baba Kevo" hatajua alama azipe nani.

3. Andika kwanza, jaza baadaye

Hili ndilo shauri kuu la sura hii. Usitunge jibu la insha ukiwa ndani ya fomu. Tunga jibu kwenye karatasi kwa kalamu, kisha ulihamishe. Sababu ni tatu.

Kwanza, mtihani wenyewe utaufanya kwa kalamu. Karatasi ya Tatu huchukua saa mbili na nusu, na unatakiwa kujibu maswali manne yenye alama 20 kila moja. Hizo ni dakika 150 kwa alama 80, yaani takriban dakika 37 kwa kila swali, ukijumlisha muda wa kusoma na kufikiri. Mkono uliozoea kubonyeza skrini kwa dole gumba huchoka ukifika ukurasa wa nne. Mwandiko huharibika, hoja zinafupishwa, na swali la mwisho linabaki nusu. Mazoezi ya likizo ndiyo yanayoupa mkono wako nguvu.

Pili, mtandao hukatika. Bando huisha, umeme hupotea, simu hupigiwa ukiwa katikati ya sentensi. Ukifunga ukurasa kabla ya kuwasilisha, ulichokiandika kinaweza kupotea. Zipo programu zinazohifadhi rasimu katika hali fulani, lakini usizitegemee. Jibu lililo kwenye daftari halipotei mtandao unapokatika.

Tatu, fomu haina nafasi ya kuvuruga. Kwenye karatasi unaweza kuorodhesha hoja pembeni, kuzipanga upya, kufuta moja na kuongeza nyingine. Kwenye skrini ndogo huoni hata sentensi mbili zilizopita, sembuse aya nzima.

Fuata hatua hizi:

Hatua ya 1: Fungua fomu, nakili maswali yote kwenye daftari pamoja na alama zake na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, kisha uifunge. Kazi hii haimalizi bando.

Hatua ya 2: Tafuta saa, ujitengee dakika 37 kwa swali la alama 20, na uandike jibu kwa kalamu bila kufungua kitabu. Muda ukiisha, piga mstari.

Hatua ya 3: Sasa fungua kitabu. Kwa kalamu ya rangi nyingine, ongeza ulichosahau. Kilicho juu ya mstari ndicho unachokijua, na kilicho chini yake ndicho unachopaswa kujifunza.

Hatua ya 4: Hamishia jibu kwenye fomu, au lipige picha ikiwa fomu inaruhusu. Mweleze mwalimu sehemu uliyoiandika bila kitabu na ile uliyoiongeza. Sentensi moja inatosha: "Hoja tatu za mwisho nimezitoa kitabuni."

Hatua ya 5: Soma ulichoandika tena kabla ya kuwasilisha. Simu iliyowekwa kwa Kiingereza huweza kuona neno la Kiswahili kuwa kosa na kulibadilisha bila kukuuliza. Ukiandika "hata" au "sana", angalia kama bado ni "hata" na "sana". Njia nzuri zaidi ni kuzima huduma hiyo ya kusahihisha maneno kabla ya kuanza.

Hatua ya 6: Bonyeza kitufe cha kuwasilisha na usubiri ujumbe unaothibitisha kwamba jibu limepokelewa. Usipouona ujumbe huo, kazi haijafika. Upige picha ya skrini na uihifadhi. Hiyo ndiyo risiti yako.

4. Mfano: jibu la skrini na jibu la mtahini

Skrini ndogo hutushawishi kuandika kama tunavyoandika ujumbe wa simu. Tazama swali hili kutoka riwaya ya Chozi la Heri.

Swali: Eleza hasara mbili alizozipata Ridhaa kutokana na vita vya baada ya uchaguzi. (alama 4)

Mwanafunzi wa kwanza: Ridhaa alipoteza familia na pia majirani.

Mwanafunzi wa pili: Ridhaa anaipoteza familia yake. Nyumba yao inateketezwa kwa moto, na miongoni mwa wanaoangamia ni mkewe Terry na bintiye Tila. Pia anapoteza imani kwa majirani. Anayehusika katika uovu huo ni Mzee Kedi, jirani yake wa siku nyingi, mtu ambaye hangemtarajia kumtendea hivyo.

Wanafunzi wote wawili wameisoma riwaya, na wote wana hoja mbili. Hata hivyo, wa kwanza ametaja tu, ilhali swali lilisema "eleza". Alama nne kwa hasara mbili zina maana kwamba kila hasara ina alama mbili: hoja yenyewe na ufafanuzi wake kwa mfano kutoka kitabuni. Jibu la kwanza haliwezi kupata alama zote hata mtahini akiwa mkarimu kiasi gani, kwa kuwa mtahini hutuza kilichoandikwa. Hana namna ya kutuza kilichobaki kichwani mwa mtahiniwa.

Kabla ya kuwasilisha swali lolote la fasihi, basi, jiulize mambo matatu: Je, nimetaja hoja? Je, nimemtaja mhusika na tukio? Je, nimeonyesha uhusiano wa tukio hilo na swali? Kwa swali la muktadha wa dondoo, jiulize manne: msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini maneno hayo yanasemwa. Moja likikosekana, alama moja imekwenda.

5. Ukituma picha ya daftari

Baadhi ya walimu hupendelea picha kwa sababu inawaonyesha mwandiko wako, mpangilio wa aya na mahali ulipokata na kuandika upya. Ili picha isomeke:

(a) Weka daftari mezani karibu na dirisha au nje kwenye mwanga. Kivuli cha simu kisiangukie ukurasa.

(b) Shika simu wima juu ya ukurasa na upige ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Kurasa mbili katika picha moja hulazimisha mwalimu kukodoa macho.

(c) Andika jina lako na nambari ya ukurasa juu ya kila ukurasa kabla ya kupiga picha. Majina ya picha za simu ni tarakimu tu, na mwalimu anapopokea mamia ya picha, mpangilio huvurugika kwa urahisi.

(d) Ifungue picha na uisome mwenyewe. Ikiwa wewe uliyeandika huwezi kuisoma, mwalimu ataisomaje?

Ikiwa nyumbani hakuna simu yenye intaneti, usikae kimya hadi shule zifunguliwe. Andika majibu yote kwa kalamu kufuata Hatua ya 1 hadi ya 3, kisha umwombe mwenzako aliye karibu, au mhudumu wa saiba, akusaidie kutuma picha siku moja tu. Ikishindikana hata hivyo, mpe mwalimu daftari siku ya kwanza ya muhula. Mwalimu anahitaji kazi yako, na njia iliyomfikishia si hoja.

6. Jibu la kuazima

Kiungo cha fomu kinapotumwa kwenye kundi la darasa, majibu nayo huanza kutembea. Mmoja anaandika, ishirini wananakili. Tulivyoona hapo awali, majibu ya swali moja husomwa yakiwa yamefuatana katika safu moja. Majibu ishirini yenye sentensi ileile, na pengine kosa lilelile la tahajia, hujitokeza yenyewe. Mwalimu hahitaji kuchunguza.

Lakini kugunduliwa si hasara kubwa. Hasara kubwa ni kwamba ugonjwa wako umebaki bila kujulikana. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanafunzi asiyejua kutofautisha kinaya na kejeli, akatuma jibu sahihi la mwenzake, amemwambia mwalimu kwamba amepona. Mwalimu atamwamini na kuendelea na mada nyingine. Novemba ikifika, swali litakuja, na mwenzake atakuwa ameketi mbali naye. Aliyetuma jibu lake bovu mwezi wa Agosti ameshasahihishwa kitambo.

Hali ni hiyohiyo kwa programu za kompyuta zinazoandika majibu zenyewe. Huandika Kiswahili kinachotiririka, lakini zinaweza kubuni tukio lisilokuwamo kitabuni au kumpa mhusika maneno ya mhusika mwingine. Mtahini anakifahamu kitabu. Hoja isiyokuwamo haipati alama, hata ikiwa imeandikwa kwa lugha tamu.

Je, kujadiliana na wenzako ni kosa? La. Jadilianeni kuhusu swali, bisheni, tafuteni ukurasa wenye ushahidi. Kisha kila mmoja afunge simu na aandike kwa maneno yake.

7. Linda habari zako

Fomu ya kazi ya fasihi inahitaji jina, darasa, nambari ya usajili na majibu yako. Haihitaji nenosiri la barua pepe, nambari ya siri ya M-Pesa, wala nambari ya kitambulisho cha mzazi. Fomu ikikuuliza mambo kama hayo, ifunge na umjulishe mwalimu, kwa maana mtu yeyote anaweza kuunda fomu na kuiandika jina la shule yako. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatambua kwamba habari za mtoto zinahitaji ulinzi wa pekee, na kwamba mzazi au mlezi ana sauti katika matumizi yake. Ikiwa hujafikisha miaka 18, mwonyeshe mzazi fomu kabla ya kuijaza. Akiisoma, atajua pia kwamba simu yake inatumika kwa masomo.

Jihadhari vilevile na kiungo kisichotoka kwa mwalimu wako. Hasa kile kinachoahidi "karatasi za mtihani" kwa malipo. Huo ni ulaghai, na umewagharimu watahiniwa pesa na utulivu wa akili.

8. Maoni ya mwalimu

Kazi haiishi unapowasilisha. Maswali ya kuchagua yanaweza kusahihishwa na programu na matokeo yakakurudia mara moja, ila maswali ya aya lazima yasomwe na mwalimu, hivyo maoni yake huchelewa kwa siku kadhaa. Yakifika, mara nyingi hupitia anwani ya barua pepe uliyoiandika kwenye fomu. Hakikisha ni anwani unayoweza kuifungua.

Usitazame alama pekee. Alama 11 kwa 20 haikufundishi lolote usipojua tisa zilipotelea wapi. Tenga kurasa chache nyuma ya daftari na uchore safu tatu: swali, kilichonipotezea alama, na nitakavyofanya. Baada ya fomu tano utaona mtindo. Huenda unajua kitabu ila huelezi, unaeleza lakini hutoi mifano, au hujibu sehemu ya pili ya swali. Kosa lililoandikwa mara tatu katika safu hiyo ndilo la kushughulikiwa kwanza.

Zoezi

1. Chagua swali moja la alama 20 kutoka sura yoyote ya mwongozo huu. Lijibu kwa kalamu kwa dakika 37 bila kitabu, kisha upige mstari na uongeze hoja kwa rangi nyingine. Hesabu hoja zilizo juu na zilizo chini ya mstari.

2. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya swali lenye viduara na lenye visanduku vya mraba.

3. Mwenzako amekutumia jibu kamili la swali la muktadha na kukuambia ulinakili. Mwandikie ujumbe wa sentensi tatu ukimweleza kwa nini unalikataa na jinsi mnavyoweza kulijadili swali hilo pamoja.

4. Mwalimu wako akikutumia fomu, wasilisha kazi siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Mtandao ukisumbua, utakuwa na siku mbili za kujaribu tena.